Jino ya Zuhura na Taa ya Kucha

Hii habari inanitoa mujinga kabisa. Nawaambia mapema ili mutu asikuje kunicheka njiani akifikiri amevumbua kitu. Nimeikalia miaka. Lakini juma iliyopita kijana mumoja wa hapa Buyenzi, nywele zimechorwa kama ramani, akanionyesha simu yake. Kuko saluni inatangaza "meno ya harusi, nusu saa, bei ya rafiki." Mu picha, pembeni ya meno, kuko taa ya kukausha rangi ya kucha. Taa ile ile. Masikio yangu yakapata moto.

"Kaka Lampi," akaniuliza, "we ulifanya kazi ya meno. Hii bei iko sawa, ao namna gani?"

Kaeni, wadogo zangu. Nitajibu, lakini nitajibu na hasira, na hasira yenyewe nusu ni juu yangu mimi.

Kwanza mujue nani anaongea. Mi ni mustaafu. Musicheke. Niko na miaka makumi tatu na tatu, magoti yangu mazima, na nimestaafu kuliko baba zenu. Dokteri Mediatrice alifunga kabine yake ya meno akaenda kukaa kwa watoto wake, akaniachia kile kiti kidogo cha magurudumu chenye alikuwa anakalia. Hiyo ndiyo pansheni yangu. Niko naikalia sasa hivi naandika, na gurudumu moja imekwama.

Masomo yangu ni primaire, darasa sita za musingi zote, na ya sita nilirudia kwa sababu niliipenda. Nikaingia kabine kwa kupangusa chini. Siku moja musaidizi hakuja, Dokteri akaniita, "We kijana, nawa mikono, shika hii taa, usitingishike." Sikutingishika. Kutoka siku ile jina yangu ya kuzaliwa ikafa, watu wakaniita Lampi. Nilishika taa miaka tisa.

Kazi yenyewe naieleza haraka, mwenye anaijua anisamehe. Mutu amevunjika kipande cha jino ya mbele. Alianguka na moto, ile pikipiki, ao alifungua chupa na meno, na wale wa chupa wote wanasemaka walianguka na moto. Dokteri hang'oi kitu. Anachukua dawa laini, rangi ya jino, inaitwa rezine, anaipaka kidogo kidogo pale penye pamevunjika, anaichonga, na mi namulika na taa ya buluu. Dawa inakuwa ngumu kama jiwe. Anasugua mupaka inang'aa. Mutu anaamka, anajitazama mu kioo, anasahau kuaga.

Halafu anasikia bei. Hapo ndipo anakumbuka lugha zote zenye anajua.

"Hii gundi?" Kila mutu alisema vile. "Gundi kidogo hivi ndiyo bei ya mbuzi muzima?" Baba mumoja wa Musaga alisimama mulangoni akaniambia kwa huruma, "Mwanangu, na we unakubali kufanya kazi na majambazi." Na mi, musaidizi, mwenye nilipaswa kumujibu, nilikuwa nakubali ndani ya roho. Nilikuwa naona kila siku. Dawa yenye inaingia mu jino moja haizidi punje mbili za mchele. Punje mbili. Nilikuwa nalala naziona.

Na tena nilikuwa na dhambi ingine, bora niitoe yote. Dokteri akiwa na mugonjwa mu kiti, mi ndiye nilikuwa najibu watu ku mulango. Wakiuliza bei, nilikuwa naanza kutazama viatu. Mama akishuka na gari yake kutoka Kiriri, kule kwa matajiri, bei inapanda yenyewe mu kinywa changu. Mutu akifika na vumbi ya Carama ku miguu, namwambia, "Mama, hii kazi si ya haraka, rudi siku ingine," namaanisha asirudi. Nilifikiri namuokoa asipate haya. Siku moja mama mumoja wa Carama, analima mboga, akaniambia, "Kijana, mi nimekuuliza bei, sikukuuliza kama niko nayo." Dokteri alikuwa nyuma yangu, alisikia. Hakunipigia kelele. Alinipa kitambaa akaniambia nipanguse viatu vya mama yule. Nilipiga magoti nikapangusa. Mama alikaa mu kiti siku ile ile, akalipa yote, na mi nikashika taa nikiwa nimeangalia ukuta.

Ungefikiri nilijifunza. Bado.

Dada yangu mudogo, Zuhura, anashona. Alivunjika jino ya mbele akiwa mutoto, alianguka na moto kweli kweli, mi nilikuwa namubeba. Kipande kimetoka kama mutu amekata na mukasi. Kutoka siku ile Zuhura hakucheka bila mukono mu kinywa. Akifurahi, mukono unapanda. Ukimupiga picha, anafunga mudomo kama mutu mwenye ameficha pipi. Watu wakasema anajivuna. Alipochumbiwa mu familia ya maduka, wale wenye babu zao walitoka Omani, mama mukwe wake, Hajati Salma, alikuja mara tatu nyumbani, na mara ya tatu akamuuliza mama yetu mbele ya watu, "Huyu mutoto hachekaka? Ao sisi ndio hatuchekeshi?"

Zuhura alisikia akiwa jikoni. Jioni ile akaniambia, "Kaka, nataka kitu kimoja tu. Siku ya ndoa nicheke kama watu."

Basi nikaenda kwa Dokteri kifua mbele. Miaka mingi nimeshika taa yake, nilijua ataniambia "mulete tu." Akaandika ku karatasi, akanipa. Nikasoma. Ilikuwa ni bei ya baiskeli ya mutumba, na breki zake.

"Dokteri, ni dada yangu."

"Najua. Ndiyo sababu kazi ya mikono yangu nimeitoa. Hiyo imebaki ni ya vitu."

"Vitu gani, Dokteri? Punje mbili?"

Akanitazama juu ya miwani, akarudi kuosha mikono. Sikilizeni hii, wenye munataka kufungua kabine: pale alikosea yeye. Mutu akikuuliza vitu gani, mwambie vitu gani. Ukinyamaza, anajijibu mwenyewe, na jibu yake ni kwamba we ni mwizi. Mi nilijijibu vile.

Nilipomwambia Zuhura, hakulia. Alisema, "Basi kaka, acha. Nitafunga mudomo, nimezoea." Angelia ingekuwa afadhali.

Sasa munione nilivyo na akili. Ku kabine kulikuwa na sanduku ya dawa zenye tarehe yake imepita, Dokteri alikuwa ananifundishia ku meno ya plastiki. Nikachukua sindano moja ya rezine, ile nyeupe kushinda zote, kwa sababu nilifikiri harusi ni nyeupe. Taa ya kabine sikuweza kuiba, Dokteri analala nayo karibu. Lakini jirani yetu Nadine iko na saluni, na iko na taa ya kukausha kucha. Inatoa mwanga ya buluu buluu. Buluu ni buluu, nikasema.

Ijumaa kisha ya swala, Nadine akatufungia mapazia. Zuhura akakaa. Ile dawa ya asidi yenye inatayarisha jino sikuwa nayo, nikakwaruza na tupa ya kucha. Nadine akauliza, "Ni vile munafanyaka kule?" Nikamwambia, "Ni ufundi wa zamani." Nikapaka dawa yote mara moja, donge moja, nikaitengeneza na kijiti cha kucha. Ile taa imejengwa kama nyumba ya sungura, inaingia vidole. Zuhura akaingiza midomo ndani kama mbuzi anakunywa maji ku bakuli. Taa ikahesabu sekunde makumi sita, ikaimba. Tukarudia mara tano. Nadine alikuwa anacheka mupaka amekaa chini, na Zuhura anamwambia na midomo ndani ya taa, "Usinishekeshe, mi nitakufa."

Kioo. Jino muzima. Zuhura akajitazama, akasogeza mukono ukapanda nusu, akaurudisha chini mwenyewe. Akacheka. Miaka yote ile sikuwa naijua ile sura.

"Kaka, bei gani?"

"Bure," nikasema. Nikatembea Buyenzi ile jioni kama mutu mwenye amewashinda dokteri wote wa dunia.

Jumamosi mchana ilikuwa karamu ya wanawake, nikaha ni kesho yake baada ya swala ya adhuhuri. Mi nilikuwa nabeba viti uani. Wanawake wamejaa, hina, kuku wa mchuzi wa manjano sufuria tatu, na Hajati Salma katikati, anasimulia namna mume wake siku ya kwanza ya biashara aliuza viatu viwili vya mguu mumoja. Zuhura anakula, anacheka, mikono yote iko ku sahani. Watu wanamutazama wanasema kumbe mutoto ni wa furaha. Nikasikia machozi karibu.

Halafu nikapita na kiti karibu zaidi, nikaona.

Jino ilikuwa njano. Si njano ya chai, apana. Njano ya ndizi ya kuiva, njano ya ule mchuzi wa sufuria. Meno yote meupe na moja katikati imevaa manjano. Dawa yenye haikukauka vizuri inanywa rangi kama kitambaa, na kitu hiyo nilikuwa naijua, Dokteri alinifundisha, nilijibu hata swali yake. Mu akili yangu ilikuwa ni somo ya meno ya plastiki. Sikufikiri inahusu mchuzi wa mama yangu.

Na wanawake wote walikuwa wameona. Walikuwa wanatazama sahani zao na heshima kubwa. Hajati Salma naye aliona, alimutazama Zuhura mu kinywa pole pole, halafu akamuongezea paja ya kuku na akaanza hadithi ingine. Sikujua nimuweke wapi, mu wabaya ao mu wazuri.

Nikamuita Zuhura nyuma ya jiko. Nikafungua simu, upande wa kujitazama. Akatazama. Nilikuwa nimejitayarisha kupigwa. Hakunipiga. Mukono wake ulipanda ukafunika mudomo, ukabaki pale. "Walikuwa wananicheka," akasema nyuma ya vidole. "Nilikuwa nafikiri wanacheka na mi."

Mukono ule sikuweza kuuvumilia. Nikapanda gari ya Musaga, kwa Dokteri nyumbani. Nilimukuta anachambua maharagi. Nikasema yote, na sindano, na tupa, na nyumba ya sungura. Aliacha maharagi. Aliuliza kitu kimoja: "Amemeza kipande?"

"Apana."

"Kesho saa moja asubuhi mufike. Na we usivae vizuri."

Asubuhi ile ndipo nilipata masomo yenye primaire haikunipa. Zuhura ku kiti, amevaa shela yenye bado iko na harufu ya hina, saa ya nikaha inakuja. Dokteri alimuomba ruhusa kwanza, akamwambia, "Binti yangu, huyu kaka yako nitamufundisha juu ya jino yako. Ukichoka, uinue mukono." Zuhura akasema, "Mufundishe, Dokteri. Hata nikichoka."

Halafu akanigeukia. "Nikiuliza, unajibu. Nikisema hesabu, hiyo unaiweka mu bei."

Akaondoa kazi yangu na moteri ya kuchonga, kidogo kidogo, na hapo tayari ni robo saa, kutoa ujinga kunakula wakati kuliko kuweka akili. Akamupeleka dirishani, jino ikiwa na mate, akachagua rangi na mwanga wa jua. "Kwa nini dirishani?" Nikajibu: kwa sababu jino ikikauka inakuwa nyeupe ya uongo, ukichagua wakati ule utajuta ikirudi kulowa. "Na rangi ngapi ziko mu kabati?" Kumi na zaidi. "Zote zinatumika?" Apana, zingine zinapita tarehe hazijafunguliwa vizuri. "Hesabu." Nikaelewa ile sanduku yenye niliiba sindano ndani yake. Kila sindano mule ilikuja na ndege, ikalipwa na dolari zenye Dokteri alizitafuta muji muzima, na ikafa ili Zuhura apate ile moja yenye inafanana naye.

Asidi, akaosha, akakausha. Gundi ya kwanza, akapuliza, nikamulika. Kisha rezine safu moja nyembamba, nikamulika, safu ingine, nikamulika. Rangi mbili, moja ya ndani, moja ya juu. Pale mi niliweka donge. Umeme ukakatika ku safu ya tatu. Taa ikaendelea, iko na betri yake. "Betri iliyopita ilikaa muda gani?" Nikamwambia haikumaliza mwaka. "Hesabu." Moteri yake haikuwa na betri, tukangoja jenereta ya jirani iwake, na mazutu ya kuiwasha munajua kuipata ilivyo ngumu. Zuhura kinywa wazi, amesikia adhana ya kwanza mu kichwa chake kabla haijafika.

"Mu saa mbili hizi," Dokteri akauliza, "mu kiti hii ningeng'oa meno ya watu wangapi?"

"Wanne. Ao watano."

"Hesabu."

Akasugua na karatasi za duara, nne, kutoka yenye inakwaruza mupaka yenye inalainisha, kila moja inatumika inatupwa. Akamwambia aume karatasi ya rangi ili aone kama jino inagonga ingine. Iligonga. Akapunguza. Iligonga tena kidogo, akapunguza. Ya kwangu ingekaa ikigonga vile vile, ingetoka na kipande cha jino ya Mungu pamoja.

Hasira yangu ilikuwa bado iko, ilitafuta tu pa kukaa. Nikamwambia, "Dokteri, haya yote ungeniambia siku ile. Nilikuuliza vitu gani."

"Uliuliza punguza."

"Niliuliza na vitu gani. Ukaosha mikono. Na wale wa Musaga na wa Carama wenye wanatoka hapa wanasema tuko majambazi? Wao hawakushika taa. Watajulia wapi?"

Zuhura, na pamba mu kinywa, akasema kitu yenye ilisikika kama "ni kweli." Dokteri akavua miwani, akaipangusa. Juma ile akaninunulia daftari, akaniambia kila mutu mwenye anauliza bei, nikae naye chini nimuoneshe yote, na viatu visitazamwe. Nilifanya vile mupaka siku ya kufunga. Kuko wenye walisikia yote wakaenda zao, lakini walienda wananiaga.

Nikaha ilisomwa saa yake. Kanzu yangu mupya nilikuwa nimeirudisha ku duka ili nilipie vile vitu, nikasimama na ya zamani, mukono mumoja mufupi. Zuhura alicheka. Picha ziko, muende muzitazame kwake, mikono yake yote inaonekana.

Kwa hiyo we mwenye nywele za ramani, jibu yako ni hii. Usiulize bei tu. Uliza rangi anachagulia wapi, dawa ina tarehe gani, atakwambia uume karatasi ya rangi ao hapana, na ikivunjika kisha ya mwezi nani analipa. Uliza itakaa miaka mingapi, na mwenye atakwambia milele, toka. Haikai milele. Ya Zuhura imesuguliwa tena mara mbili, chai nyeusi inaichafua pole pole, anajua. Na ukiona nyumba ya sungura, chukua viatu vyako. Nusu saa yao mi naijua, niliifanya mu sekunde makumi sita mara tano.

Imebaki kitu moja, na ningeiacha kama Zuhura hangekuwa anasoma hapa nyuma ya bega.

Miezi kisha ya harusi, Hajati Salma alikuja ku kabine. Amevunjika pembe ya jino, aliuma kokwa ya tende. Nikamukalisha, nikafungua daftari, nikamueleza: rangi za kabati, ndege, dolari, betri, saa mbili za kiti, karatasi nne, kurudi kusuguliwa. Mufanyabiashara muzima, hakunikata hata mara moja. Nilikuwa naona fahari. Nilipomaliza akatikisa kichwa, akafunga mukoba wake pole pole, akanitazama.

"Nimeelewa, mwanangu," akasema. "Na ile ya manjano, mulikuwa munaiuza ngapi?"